Kipande Nilichoambiwa Nikatupe

Mshauri mpendwa, kabla hujasoma mbele nakusihi kila neno libaki siri yetu, na ukichapa barua hii ufiche mtaa wangu na ofisi yangu, maana riziki yangu iko mikononi mwa mtu nitakayemtaja.

Mimi ni karani kijana. Bosi wetu alikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi pale mapokezi, na ndani yake tumbawe laini moja kubwa, lenye vidole vingi vinavyocheza na mkondo wa maji, akilipenda kuliko sisi sote. Mwaka jana, akisugua kioo, saa yake ya mkononi ilinasa tawi likakatika, na baada ya siku chache kile kipande kikasinyaa, kikafunikwa na utando kama nta, akasema, "Hiki kimekufa, karani, katupe," nami nikajibu, "Sawa, bosi," nikakibeba nyumbani kwenye chupa, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba tumbawe la aina hiyo likiumia hununa, hujivua ngozi, kisha hufunguka. Gundi ilikataa kwa wingi wa ute, kwa hiyo nikakifunga juu ya jiwe kwa chandarua na uzi wa kushonea, bila kukaza, nikakiweka kwenye tangi dogo la maji ya chumvi nililolitengeneza nyumbani, mahali maji yanapopita taratibu, na mama akanicheka: "Wenzako wanatuletea wachumba, wewe unatuletea kamasi kwenye chupa!"

Kikashika jiwe. Mshauri, kikafunguka! Kilipokua nikakipunguza kwa wembe, na vipandikizi vyake navyo vikashika, na sasa kila asubuhi taa ikiwaka vyote vinanyoosha vidole kwa pamoja kama darasa linalojua jibu. Mama huyohuyo leo anaita majirani, "Njooni muone shamba la mwanangu."

Sasa, wakati wa likizo pampu ya ofisini ilizimika na tumbawe la bosi likaoza. Alipolitoa aliona lile kovu la zamani, akawa amesahau kabisa kwamba saa yake ndiyo iliyolikata, akatuita wote: "Kuna mtu alilikata hili. Nikimjua, hana kazi hapa." Mhasibu akaninong'oneza, "Mbona wewe ndiye unayetoka jasho?" Nikimpelekea kipandikizi nitaitwa mwizi na muuaji, nikinyamaza ataendelea kukaa mbele ya maji matupu, na watoto wa tumbawe lake wako kwangu. Nifanyeje?

Usinipigie ofisini. Namba iliyo nyuma ya bahasha ni ya dada yangu. Mwambie tu, "Zile nguo ziko tayari," atanifikishia, nami nitajua umejibu.

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu karani, dada yako nimeshamwambia nguo ziko tayari, akaniuliza nguo zipi. Siku nyingine mpange kwanza.

Hofu umeandika kikombe, fahari umeandika pipa, na fahari hiyo ni halali yako. Uliokoa kilichohukumiwa kufa. Kosa lako ni moja: ulipoona kimefunguka, ulikaa kimya mwaka mzima huku majirani wanaalikwa na mwenyewe hajui. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Unaficha nini tena?

Kesho wahi ofisini kabla ya mhasibu na minong'ono yake. Usipeleke picha, wala kile kidogo usichokionea uchungu. Chukua kipandikizi kizuri kuliko vyote, kilichoshika jiwe barabara, kwenye ndoo yenye mfuniko na maji ya tangi lako. Mwambie, "Bosi, kile kipande kilichokatwa na saa yako, ukaniambia nikatupe, sikukitupa." Kisha funga mdomo. Usiombe radhi, usitoe mhadhara. Mtu aliyepoteza kitu anachokipenda hakumbuki alichosema, lakini saa yake anayo mkononi, mwache aitazame. Pampu nayo aitengeneze kabla jiwe halijaingia majini.

Neno la mwisho, nalo ndilo pekee utakaloongeza kabla hujafungua ndoo: kitanuna. Kwa mtikisiko wa njiani kitajikunja na kuvaa ile nta yake, na bosi wako atadhani umemletea maiti. Safari hii wewe ndiye umpe amri yeye: asitupe.