Nilimpa Baba Nafasi ya Adui

Jumapili, Novemba. Nyasubi, Kahama.

Mawingu yamekaa tangu asubuhi na mvua haijashuka. Leo ni joto la kukaa na kanga moja na miguu kwenye beseni la maji. Mimi nimejifungia dukani, mlango nimeuacha wazi kidogo tu, maana hata Jumapili hakosekani mtu wa kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa.

Shajara, ugonjwa wangu unaujua. Filamu za mashujaa, wale wa kuruka, wa kurusha moto kwa viganja, wa kunyanyua malori kwa mkono mmoja. Nina miaka thelathini na sita, nina mtoto wa darasa la tano, na bado nikipata filamu mpya ya aina hiyo naweza kuunguza mboga.

Ila naziangalia huku nalalamika. Kwanza zile nguo. Nani aliwaambia kuwa shujaa lazima abanwe kuanzia shingoni hadi visiginoni? Mleteni Kishapu mwezi wa kumi, saa nane mchana, na lile joho lake mgongoni, tuone kama ataokoa mtu au ataokolewa yeye kwa maji ya chumvi na sukari. Pili, majengo. Steringi anapigana na adui, maghorofa kumi yanadondoka, watu wanakumbatiana, filamu imekwisha. Nani anafagia? Mimi nafagia vumbi la barabarani hapa dukani kila asubuhi, kwa hiyo jambo hilo linaniuma kweli.

Ndiyo maana kila wiki naandika hapa, kwenye shajara hii ya mtandaoni, mashujaa wangu mwenyewe, na nani ningempa nafasi ipi. Waigizaji wenye majina siwataki. Nachukua watu ninaowaona. Mama Shija anayeuza matobolwa ya viazi vitamu karibu na soko nilimpa nafasi ya shujaa wa masikio, kwa kuwa viazi vyake anavichemsha hapa lakini ugomvi wa ndoa anausikia kutoka mtaa wa tatu, na hakosei. Mume wangu, fundi wa pampu kwenye machimbo ya Geita, nilimpa usteringi wenyewe. Shujaa wangu haruki, anashuka. Anafungwa kamba kiunoni, anateremshwa kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, hadi kule ambako hewa inapelekwa kwa bomba, na akirudi juu hata kope zake ni vumbi tupu. Mume wangu aliposoma alicheka, akauliza mke wa steringi ni nani.

Wiki iliyopita ilikuwa imebaki nafasi ya adui.

Nilimpa baba.

Sikufikiri sana. Kwa maoni yangu wengi wanakosea kumchagua adui. Wanatafuta mtu wa kucheka kwa kelele na kupiga meza. Adui anayetisha anaongea chini, hadi watu wanainama ili wamsikie. Hana haraka. Akiingia uani, watoto wanaacha kucheza bila kuambiwa. Nikatafuta kichwani nani yuko hivyo, nikamwona baba yangu, Mzee Masanja, kule kwetu Kishapu, na fimbo yake na kofia yake ya pama. Nikaandika kwa utani, nikaeleza hata anavyokohoa kabla ya kusema hapana. Watu walicheka sana kwenye maoni.

Simu ya baba ni ya kupiga na kupokea tu. Nilichosahau ni kwamba wifi yangu anayo ya kuperuzi, na wanaishi boma moja. Jumatano alimsomea yote, neno kwa neno, akidhani anamfurahisha mzee.

Alhamisi baba akanipigia. Aliulizia mvua, akamuulizia mjukuu wake, akauliza mume wangu anarudi lini kutoka machimboni. Halafu akauliza kama adui ndiye yule anayekufa mwishoni. Nikasema ndiyo, kwa kawaida ndivyo. Akasema sawa, akakata simu.

Sikulala vizuri siku mbili.

Jana mchana akatokea mlangoni kwangu bila taarifa, ana kuku mmoja mkononi na mfuko begani. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono. Akasema amekuja kuiona hiyo filamu, anataka amwone huyo adui anafanya nini.

Nikaweka moja iliyotafsiriwa, ya yule jamaa anayezungumza Kiswahili juu ya Kizungu na kuongeza vichekesho vyake. Kochi baba alilikataa. Alikaa kwenye kiti cha mbao, fimbo katikati ya magoti. Nilimwangalia yeye kuliko filamu.

Hakucheka hata mara moja. King'ora kilipolia na watu wa mjini wakaanza kukimbia, akauliza wanakwenda wapi. Nikamwambia wanaikimbia hatari. Akashangaa kabisa. Kwetu mwano ukipigwa, lile yowe la kuomba msaada, watu hukimbilia kule linakotoka. Mwanamke analipiga, jirani analipokea, linavuka kijiji hadi kijiji, na kila mwanamume mwenye miguu anatoka na rungu au upinde. Baba alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji chetu kwa miaka mingi, filimbi ilikuwa shingoni mwake. Akasema kumwachia mtu mmoja mji mzima, hata kama anaruka, ni aibu ya wenye mji.

Nakiri alinipiku. Miaka yote nalalamikia nguo na majengo, na lalamiko kubwa sikuwahi kuliona.

Kisha adui akapata nafasi ya kueleza sababu zake. Alisema yote aliyoyafanya aliyafanya ili kuwalinda watu wake. Baba akaomba niisimamishe filamu. Nikaisimamisha. Akakaa akiangalia kile kioo, ile sura ya adui imeganda mdomo wazi, na aliposema hakunigeukia.

"Mayu, ni kwa ajili ya kina Kwandu?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ananiita hivyo akiwa mpole, na si mara nyingi.

Nikaweka rimoti mezani.

Hili sijawahi kuliandika hapa. Nilipokuwa na miaka tisa Kwandu alikuwa rafiki yangu, nyumba yao ilikuwa ya pili kutoka kwetu. Alfajiri moja mwano ukapigwa, ng'ombe wa jirani wameibwa, na wanaume wote wakatoka isipokuwa baba yake Kwandu. Alisema ana homa. Kikao kilipokaa hakikumwamini, na sheria ilikuwa inajulikana: asiyeitika mwano hutengwa. Baba ndiye aliyesimama kutangaza. Tangu siku hiyo hakuna aliyewapa moto wa kuwashia jiko, hakuna aliyewasaidia kuvuna pamba, hakuna aliyewasalimia wala kuitikia salamu yao. Ilikuwa hivyo msimu mzima, hadi walipohamia Tinde. Mwaka uliofuata tukasikia baba yake Kwandu amefariki, kwa ugonjwa ule ule uliomwanza akiwa kwetu. Baba hakwenda kuzika.

Nyumbani hatukuwahi kulizungumza. Hata mama, hadi anaondoka duniani, hakulitaja.

Sasa swali lilikuwa sebuleni kwangu na mimi ndiye wa kulijibu. Ningeweza kusema hapana, Baba, ni utani tu, ni ile sauti yako. Na nilipokuwa naandika, naapa, niliamini ni utani. Lakini ile sauti ya chini niliijua wapi kwamba inatisha? Niliijua pale kikaoni, nimejificha nyuma ya kanga ya mama.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Nadhani ni hilo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Siku ya kikao alimwona yule mwanamume macho yamekuwa ya njano, na akajua kabisa kuwa ni mgonjwa. Yeye ndiye mwenye filimbi, angesema tungoje wangengoja. Aliogopa kuambiwa anampendelea jirani yake. Na wifi alipomsomea, hakusikia utani wowote. Alichosikia ni kwamba binti yake amelijua jambo hili miaka yote, akanyamaza.

Nikasema nitamtoa kwenye ile nafasi, nitaandika upya. Akakataa. Akasema niiache kama ilivyo, halafu akaniuliza mimi nafasi yangu ni ipi.

Hapo ndipo nililia.

Kwa sababu siku ya tatu ya kutengwa, Kwandu alinikuta kisimani. Aliweka ndoo yake chini, akaita jina langu, Limi. Nilimsikia vizuri. Nilichota maji yangu nikaondoka. Mtu atasema nilikuwa mtoto. Lakini aliniita tena kesho yake, na siku iliyofuata tena, kwa hiyo muda wa kufikiri niliupata. Katika mashujaa wangu wote niliowaandika hapa sijawahi kujipa nafasi hata moja, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba ni unyenyekevu.

Nilimwambia baba hayo. Ni mtu wa kwanza kuyasikia. Hakunifariji wala hakunilaumu, alinisogezea tu kiti chake karibu, tukakaa hivyo hadi umeme ukakatika. Filamu hatukuimaliza.

Leo tulipotoka ibadani akaniambia mama yake Kwandu bado yuko Tinde, na Kwandu anaishi naye, anashona nguo kando ya barabara. Kumbe baba amekuwa akiwaulizia miaka yote kwa watu wa mnadani. Kesho asubuhi tunakwenda. Nilitaka tupige simu kwanza. Baba hataki. Anasema kama ni kutufukuza, watufukuze tukiwa mbele yao.

Halafu akanipa maagizo. Mama yake Kwandu ni mdogo kwa baba kwa miaka mingi, kwa desturi yetu yeye ndiye wa kupiga goti na kumwamkia mzee. Baba amesema nisimruhusu. Nikiona anaanza kuinama nimshike mkono, ili baba ndiye aanze. Sijawahi kumwona baba yangu akitangulia kumsalimia mtu mdogo kwake, na hilo goti lake la kushoto halikunjiki.

Nikamuuliza, asipoitikia je? Akanifungulia ule mfuko aliokuja nao. Ndani kuna shuka, kandambili na mswaki. Alijiandaa kulala Tinde tangu alipoondoka Kishapu. Anasema asubuhi inayofuata atarudi mlangoni kwake na kumsalimia tena.

Ninaandika haya yeye amekaa nje, anajaribu kulikunja lile goti. Yeye ameshajua atakachosema. Mimi kutwa nzima natafuta maneno ya kumwambia Kwandu, kila ninalolipata naliona dogo.

Nitaanza kwa kumwita jina lake. Akigeuka au asigeuke, nitamwita.