Mama Upande Ule, Salumu Upande Huu

Jumapili, 5 Julai 1964

Tena bustanini, hapa Butembo. Kikapu, mkeka, chupa ya chai, Idi mgongoni. Salumu, mume wangu, ameacha kamio, lori lake, kule juu barabarani, chini ya kivuli, ati isipate vumbi. Siku sita inakula vumbi la Kirumba na Beni, ya saba inadekezwa.

Miaka mitano iliyopita tusingeingia hapa. Mtu mweusi aliingia akisukuma mtoto wa Mzungu au akikata nyasi. Sasa Jumapili pamejaa. Watu wa misa, sisi Waislamu, askari, walimu waliotumwa kutoka mbali na wake zao wenye viatu virefu vinavyozama kwenye matope. Watoto wanabembea kwenye matairi. Wazungu waliukinga mto kwa ukuta mdogo, ukafanya bwawa, na juu yake kuna daraja la mbao lisilo na ukingo, la kupita mtu mmoja mmoja. Napapenda. Sina namna nyingine ya kusema.

Mama alikuwa ng'ambo, kama kawaida. Ametoka kijijini Mabalako tangu mwezi wa tano, anatibiwa macho kwa masista. Kwangu hawezi kulala. Kwetu Wanande mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali nyumba moja, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, hawagusani hata mkono. Wakitaka kuambiana neno, linapita kwa mtu wa tatu. Basi Mama analala Bulengera kwa mdogo wake, mama Kavira, na bustanini anakaa upande ule wa maji. Sisi upande huu. Mtu wa tatu ni Halima wangu, miaka tisa.

"Halima, ambia baba yako asante kwa biazi."

"Ambia nyanya yako hapana kitu."

Wanasikiana vizuri kabisa. Maji yenyewe hayazidi upana wa nyumba yangu. Lakini Halima lazima avuke.

Jumatano, 8 Julai

Nimeshona sare tatu za shule. Mgongo unauma.

Mama anataka kurudi Mabalako. Maharage yake. Salumu hataki, anasema waasi wanasogea na njia ile ndiyo watakayopita. Ameshasema mara tatu, kwa mdomo wa Halima. Mama naye amejibu mara tatu kwa mdomo huohuo: maharage hayajivuni yenyewe.

Halima ameniuliza kama waasi wanakula maharage. Nikamwambia akalale.

Jumapili, 19 Julai

Joto. Watu wengi. Kwa mbali niliona Mama akitia mkono kikapuni na kunywa kitu kwa kibuyu kidogo. Kasiksi yake, pombe ya ndizi. Anadhani upande huu hatujui. Salumu aligeuza uso kwa adabu, akanionyesha ndege ambaye hakuwepo.

Niandike hili, maana leo limenichekesha na kuniudhi pamoja. Salumu si Mnande. Wazee wake walitoka Kasongo, yeye kazaliwa Beni. Aliponioa, na mimi nikasilimu, wajomba zangu walisema yule hatajua heshima ya ukwe. Tangu hapo anatushinda wote. Akimwona Mama njiani anaingia mashambani mwa watu. Akikaribia mahali alipo anakohoa toka mbali, ili Mama apate muda wa kujifunika kitenge usoni. Kikohozi hicho kinajulikana Bulengera nzima.

Askari mmoja aliyekaa karibu, mtu wa mbali, alimwuliza, "Papa, bokilo anakukimbia juu ya nini? Ulimuiba kuku?" Bokilo kwao ni mkwe. Wenzake wakacheka. Salumu alicheka kidogo. Jioni hakula vizuri.

Anadhani Mama hampendi. Hajawahi kusema, lakini nimelala naye miaka kumi, najua.

Jumamosi, 8 Agosti

Redio ya jirani inasema mambo mabaya ya Stanleyville. Salumu amerudi kutoka Beni na shehena nusu. Wafanyabiashara wameanza kuficha mali.

Mama amefunga kifurushi chake. Kavira amekifungua. Mama amekifunga tena.

Naogopa. Nikimwachia aende, nitakuwa nimemwona mara ya mwisho. Hilo ndilo linalonizuia kulala, si redio.

Jumapili, 16 Agosti

Nguo zangu bado zimelowa. Naandika hivyohivyo.

Halima alikuwa na homa, tukamwacha kwa jirani. Kwa hiyo hatukuwa na mtu wa tatu. Mimi nilikuwa nimempakata Idi amelala. Mchana wingu jeusi lilitanda, watu wote wakainuka kwa pamoja. Salumu alikumbuka kwamba Mama hana mwavuli. Akasema atauweka katikati ya daraja na kurudi, Mama atauokota. Wazo zuri. Wazo la mtu mwenye moyo mzuri na akili ya heshima iliyopita kiasi.

Ila Mama haoni vizuri. Aliona mtu na mwavuli, akafikiri ni mimi, akaingia darajani. Wakakutana katikati. Salumu akakohoa.

Mama alifanya alichofanya miaka yote. Alijifunika uso haraka kwa kitenge na kupiga hatua pembeni kumpisha mkwe wake. Pembeni hapakuwa na kitu. Akaanguka majini.

Salumu alisimama. Namwona bado, mwavuli mkononi, anaangalia maji kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Nilipiga kelele, "Mushike! Salumu, mushike!" Ndipo akaruka na viatu na kofia yake. Maji yalimfika kifuani. Alimtoa Mama amembeba begani, kitenge kimemzunguka kichwa, anakohoa, anapiga teke. Watu walipiga makofi. Yule askari alipiga makofi kuliko wote.

Alimweka kwenye nyasi za upande wetu. Akavua koti lake, akaliweka karibu naye. Si juu yake. Karibu naye. Kisha akaenda kusimama nyuma ya kamio, mvua ikimnyeshea.

Mama hakuligusa koti. Mimi ndiye niliyemvika.

Jumatatu, 17 Agosti

Mama hatoki chumbani. Anasema amemvunjia mkwe wake heshima mbele ya watu. Salumu anasema yeye ndiye aliyevunja. Hakula asubuhi, hakula mchana.

Nimechoka nao wote wawili. Nawapenda, na leo ningewafungia chumba kimoja na kutupa ufunguo.

Mama kasema Jumapili haifiki, anaondoka. Kwa miguu.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimejua jambo. Lazima niliandike lote.

Nilikwenda Bulengera kumwomba Kavira amzuie Mama. Alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Akaniuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kwani bwana yako hapana leta mbuzi mupaka leo?"

Mbuzi gani?

Kumbe kwetu Mabalako, mtoto wa kwanza akizaliwa, mkwe anamletea mama mkwe mbuzi. Mama anashika kamba, basi, imekwisha. Kuanzia hapo wanasalimiana, wanakula, wanapanda gari moja. Kujificha ni kwa mwanzo tu. Lakini mbuzi huyo haombwi. Mama mkwe akimwomba, ni aibu, ni kama anajiuza. Wajomba ndio humdokeza mkwe, na wajomba zangu walidhani nimemwambia mimi. Mimi nilikulia shule ya bweni kwa masista. Ningejua wapi?

Mama alingoja mbuzi miaka tisa. Akaamua mwenyewe kwamba Salumu hataki kumjua, kwamba mtu wa Beni anaona fahari kukaa mbali na mwanamke wa shamba. Kila Jumapili amekaa ng'ambo akimpa nafasi. Na Salumu kila Jumapili amekaa huku akimpa nafasi yeye.

Nilicheka mpaka Kavira akakasirika. Kisha nikalia ndani ya lengalenga zake.

Nimemwambia Salumu.  Akasema, "Miaka tisa?" Akaenda kuosha kamio ambayo ilikuwa safi.

Jumapili, 23 Agosti

Hakuna bustani. Kamio na baiskeli zinapita toka Beni, magodoro juu, kuku, watoto, cherehani. Wanaelekea Kirumba. Kila anayepita ana habari yake, hakuna nzuri.

Salumu anatafuta mbuzi tangu Ijumaa. Hakuna. Wenye mbuzi wamekimbia nao, waliobaki wameliwa na askari. Nimemwambia aache, tufungashe. Akatoka tena kutafuta.

Mama bado yuko. Miguu ilivimba baada ya kuanguka. Nimeshukuru kwa uvimbe, Mungu anisamehe.

Jumatano, 26 Agosti

Kirumba. Tuko salama. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Alfajiri askari waliondoka mjini bila kuaga. Watu wakaelewa. Tulipakia: magodoro, masufuria, familia mbili za jirani juu. Cherehani haikuingia. Tukaenda Bulengera kumchukua Mama. Alikuwa barazani na kifurushi chake na fimbo. Kavira alishapanda juu na magodoro. Mama, na miguu ile, asingeweza kukwea kule. Nafasi yake ilikuwa mbele, ndani ya chumba cha dereva, katikati ya Salumu na mimi.

"Mi hapana panda," akasema. "Mu cabine hakuna ng'ambo."

Anakwenda Mabalako. Yaani kule wanakotoka waasi. Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nilimwambia nitamlaani yeye kabla hajanilaani. Halima alilia. Akatikisa kichwa, akavuta kitenge usoni kwa sababu Salumu alikuwa karibu.

Nikageuka kumtafuta Salumu anisaidie. Salumu hayupo! Mota inanguruma, watu juu wanapiga kelele, mwenye kamio ametoweka. Nilimtukana maneno ambayo sitayaandika.

Akatokea nyuma ya nyumba anakimbia, jasho tupu, anavuta mbuzi. Jike, madoa meusi, pembe moja. Alimpata kwa mzee aliyekuwa akipakia mkokoteni wake. Alimpa gurudumu letu la akiba. Siku ya kukimbia vita, kwa njia ile ya mawe, mume wangu ametoa gurudumu la akiba apate mbuzi mwenye pembe moja. Watu juu ya kamio walicheka, mmoja akamwita mwenda wazimu.

Hakukohoa. Alisimama mbele ya Mama, kichwa chini, akanyoosha kamba. Hakutuma mtu.

Mama alishusha kitenge. Hakumtazama yeye, alimtazama mbuzi, kisha akaipapasa kamba kwa vidole, polepole, kama ninavyopapasa kitambaa kabla ya kukata. Akaishika.

"Iko na pembe moja," akasema.

 Akainuka na fimbo yake.

"Halima, ambia baba yako afungue mulango."

Salumu alishafungua kabla Halima hajafumbua mdomo.

Tulipata pancha njiani. Bila shaka. Salumu alijaza tairi nyasi tukaendelea kwa mwendo wa konokono.  Mama alikaa katikati, mbuzi miguuni, bega lake likigonga bega la Salumu kila shimo. Mashimo ni mengi.

Jumanne, 29 Septemba

Kirumba bado. Chumba kimoja, pazia katikati. Baridi.

Mazoea ni ugonjwa. Mbuzi kashikwa, lakini bado wanasemeshana kwa Halima. Salumu bado anakohoa. Mama anamsifu, lakini ananisifia mimi: "Bwana yako iko mutu." Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akajifanya hasikii. Macho ndiyo mabovu, Mama, si masikio.

Mbuzi ana mimba. Salumu alitaka kumchinja tumle. Mama alimfunga kwenye mguu wake wakati wa kulala.

Jumapili, 13 Desemba

Waasi wameondoka, tumerudi Butembo wiki hii. Nyumba ina kuta. Cherehani hakuna, vitanda hakuna. Jirani mmoja hayupo na hakuna anayejua. Nimemlilia. Sitaandika zaidi leo.

Halima aliomba bustani. Sikutaka kwenda, niliogopa kuiona. Tumekwenda wote, na mbuzi.

Matairi ya kubembea hayapo. Viti vimefanywa kuni. Nyasi zimefika magotini. Daraja limeng'olewa lote, zimebaki nguzo nne majini. Ng'ambo hakuendeki tena.

Nilitandika mkeka. Mmoja tu, ndio tuliobaki nao. Mama alisimama akitazama upande ule, mahali pake. Kisha akakaa pembeni ya mkeka. Salumu akakaa pembeni ya pili. Mimi na Idi katikati. Halima alishakimbia kuokota vijiti na watoto wengine.

Nilimimina chai, nikampa kila mtu. Tulikaa tu. Maji yalikuwa yaleyale. Mbuzi alikula nyasi za Wazungu kwa bidii.

Mama alimaliza chai yake. Akageuka kumtafuta Halima. Halima yuko mbali. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa namnyonyesha Idi, birika liko kwa Salumu. Alikaa na kikombe mkononi. Niliona anafikiri. Sikumsaidia.

"Salumu," akasema. "Ongeza."

Salumu alishika birika kwa mikono miwili. Alimimina mpaka chai ikamwagika kwenye vidole vya Mama, na Mama hakuondoa mkono.

Tuliondoka kabla ya mvua. Salumu mbele na mkeka begani, Mama nyuma yake na kamba ya mbuzi, mimi na watoto mwisho. Njia nzima Salumu hakukohoa.