Mbwa wa Kitinda

Jumanne, 4 Machi

Barua ya pili ya mdogo wangu, Kitinda, kutoka vitani. Mistari sita. Mzima, chakula kipo, mvua nyingi, wasalimieni wote. Mimi, ambaye kwenye kiwanda cha vitabu hulipwa kwa kuondoa maneno ya ziada katika miswada ya watu, sikuona la kuondoa. Baba ana mtoto wa jicho, mama hakusoma. Msomaji ni mimi.

Nilipomaliza mama akauliza: ndiyo basi? Uso ukamsinyaa. Nikaigeuza karatasi – upande wa pili ulikuwa mtupu – nikaendelea. Kambini kuna mbwa wa sikio moja, hulala juu ya buti za Kitinda na kumngurumia sajenti. Baba alicheka hadi akapaliwa. Mimi sijawahi kumfanya apaliwe kwa kicheko.

Jumapili, 9 Machi

Mama amemsimulia fundi cherehani habari za mbwa. "Kitinda wangu ana maneno, shoga. Huyu dada yake kusoma kote kule, akifungua mdomo utadhani anasoma risiti."

Nilikuwa jikoni, namchujia supu. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Bado sijabaini punda wa nyumba hii ni nani.

Jumanne, 18 Machi

Barua ya tatu. Mistari minne, nimeisoma kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Nilimfanya aseme kwamba kila alfajiri hukikumbuka kikohozi cha baba, akajua nyumba imeamka. Baba akafuta macho. Mwanangu huyu ananijua, alisema.

Kikohozi hicho hukisikia mimi, nyuma ya ukuta. Nayaonea wivu maneno yangu mwenyewe, kwa kuwa yanapendwa yakiwa yake.

Kisha mama akaniandikisha majibu: muulize mbwa hajambo, sikio limepona? Niliandika neno kwa neno. Kumwongezea Kitinda nathubutu. Kumpunguza mama siwezi. Ni udhaifu wa taaluma.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna barua. Mama amefagia chumba cha Kitinda, akaniomba niondoe kamusi zangu mle. Asiyekuwepo ametandikiwa kitanda. Mimi naruka kamusi sakafuni.

Jumamosi, 12 Aprili

Imefika. Niliifungua mezani, wazee wameketi, mama kajifunga leso mpya kana kwamba mgeni ni Kitinda mwenyewe. Nikapitisha macho kwanza.

"Dada, mama anauliza mbwa. Huku hakuna mbwa. Nilifikiri weee, nikajua ni wewe. Endelea tu, mie sijui kupamba. Ila hii wasomee ilivyo. Mama, Baba, kesho tunapelekwa mbele. Naogopa. Nataka nyumbani."

Nilisema nafuata miwani, nikaingia nayo chumbani. Miwani iko usoni.

Nimeipitia barua nikiwa nimeshika kalamu nyekundu, kwa mazoea. Hakuna pa kuweka hata mkato. Wiki zote hizi nimemtungia mbwa, kikohozi, alfajiri. Yeye ametumia maneno matatu, nami najua yatamfanya baba nini. Hata hapo amenishinda. Na nikikaa nayo humu, bado atakuwa amenishinda, ila nitakuwa nalijua peke yangu.

Hiyo kesho aliyoiandika imekwisha pita, barua ikiwa njiani.

Baba anagonga meza: mwanangu, miwani gani hiyo haionekani? Mama anacheka. Anasema nisianze na salamu leo, nianze na mbwa.