Kwa Nini Uliburuta Miguu, Ramazani

Ramazani,

Mwidiwe. Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai salamu ya Kiha uliimeza kama dawa ya minyoo, wewe Mmanyema wa maringo. Mimi mtani wako Yakobo bado nipo. Meno yamebaki matatu, na yote yanakusema.

Kwanza nikueleze ulivyozikwa, maana ulilala tu hukuona kitu. Kabla hawajakushusha nikatumbukia mimi kaburini, nikajinyoosha. "Sitoki mpaka nipewe haki yangu ya utani!" Wakadhani nataka koti lako. Nikasema nataka lile birika la saruji la nyuma ya nyumba, pamoja na samaki wake. Watu walicheka mpaka shehe akaficha uso. Mkeo alipopelekewa habari akasema, "Achukue. Hao wadudu wananitisha." Basi, haki ya mtani hairudishwi. Lakini mzaha ule, Ramazani, umenikaa shingoni kama nira.

Unamkumbuka yule mzungu wako, aliyekuwa akipakia visamaki vya ziwa letu kwenye mifuko viende kwao vikakae ndani ya vioo. Baada ya Azimio la Arusha alifunga nyumba, akakuachia wale samaki taa wawili, dume na jike, walioletwa kutoka mito ya ng'ambo. Bapa kama chapati, mwiba mkiani. Tuliwaleta Ujiji ndani ya pipa, wewe unavuta mkokoteni, mimi nasukuma na kukutukana njia nzima. Mzungu alikuachia maneno mawili: wape maji ya mvua, na wasiguse ziwa.

Ukakinga mvua ya bati yote kwa ajili yao. Mkeo akawa analalamika, "Samaki wanaoga, mimi sina maji ya kupikia!" Ukawalisha minyoo na dagaa. Ukanifundisha kuingia birikani: "Buruta miguu, Yakobo, usinyanyue. Taa ukimgusa ubavuni anakimbia. Ukimkanyaga anachoma." Wazee wawili tunaburuta miguu majini kama mabibi harusi! Na siku jike alipozaa, si mayai, watoto wazima waliojikunja kama sambusa kisha wakafunguka, ulilia. Nilikucheka. Nami nilifuta jicho, sasa naweza kusema.

Wakaendelea kuzaa, na birika ni lile lile. Nikakuuliza, watoto wa taa wako wapi? Ukasema, "Wamekufa. Nimewazika chini ya mgomba." Nikakuamini, mimi mjinga wa darasa la tatu.

Sasa sikiliza.

Wiki iliyopita binti wa balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anaosha masufuria ziwani, maji ya magoti. Akapiga ukelele. Mguu ukavimba kama kiazi kikuu, kidonda kikawa cheusi, mpaka leo yuko hospitali. Siku mbili baadaye, mvuvi, ufuko ule ule. Wavuvi wanasema mwiba wa kambale wanaujua, huu si wake. Basi ni uchawi. Na siku moja kabla hajachomwa, yule binti aligombana na mtu palepale, wakigombea jiwe la kufulia. Mtu mwenyewe ni Bi Tausi. Jirani yako. Yule mjane aliyekuletea uji ulipokuwa huwezi kushika kijiko.

Jiko lake wamelibomoa. Haendi tena kuteka maji, na hakuna anayemtekea ila mimi, nami nimeanza kutazamwa vibaya. Kesho kuna mkutano. Wapo wanaotaka ahamishwe. Wapo wanaotaka mengine, ambayo mkono wangu unakataa kuyaandika.

Nilichukua jembe nikaenda kwenye mgomba. Nilichimba mpaka mizizi ikabaki inaning'inia. Nyama inaoza, Ramazani, lakini mwiba wa taa hauozi upesi. Ule mmoja aliouangusha jike si tuliushonea nyavu mwaka mzima? Sikukuta mwiba. Hata mmoja. Nikakaa juu ya udongo, jasho likanikauka, ndipo likanijia. Mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa ukishuka ziwani kutawadha, ulikuwa unaburuta miguu. Nikapiga kelele ufuko mzima usikie: "Mmanyema kawa bibi harusi!" Ukanijibu, "Goti, Yakobo. Goti linaniuma."

Goti!

Najua hukuweza kuua ulichokilea, ukawatia ziwani. Ulidhani ziwa litawamaliza polepole, bila mkono wako. Halikuwamaliza. Asubuhi ya leo nilisimama pale, maji yametulia, unaona mpaka chini. Mchanga ukapumua mahali pamoja. Kisha pengine. Kisha pengine, karibu na wanapoogea watoto. Nikaacha kutazama.

Ungeniambia tu. Ningekucheka, ndiyo, wiki nzima, halafu tungeshika ndoo tukawatoa wangali wachache. Sasa umeniachia peke yangu.

Kesho nitasema. Mkeo hatanisalimu tena, na wapo watakaotema mate likitajwa jina lako. Mtani anaruhusiwa kumsema marehemu. Ruhusa hiyo nitaitumia, ila safari hii sitacheka. Kwa kuwa wataniambia nimezeeka, naota, nitatoa maji ya birika alfajiri, ndoo kwa ndoo, na wale taa wazee wawili nitawaweka mbele ya balozi, waone mwiba kwa macho yao. Jike ana tumbo tena. Nisamehe. Hao walio tumboni hawataliona ziwa, nakuahidi, na Bi Tausi hatoki Ujiji maadamu mimi naweza kusimama.

Halafu nitawashusha wote ufukoni, balozi, shehe, na wamama wa masufuria, niwafundishe. Ujiji nzima itaingia majini ikiburuta miguu, na wajukuu wataburuta, bila kujua wanakutii wewe.

Lala basi, mtani wangu. Nami nikija huko nitaingia nikiburuta miguu, maana sijui ni nini kingine ulikificha.

Yakobo