Barua Uliyoirudisha na Wino Mwekundu

Chumba cha nyuma,
Duka la Magodoro,
9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tunapumua. Macho ya Bibi yamezidi kufifia. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe, akajidai anafuta meza.

Barua yangu uliyonirudishia imefika. Niliiandika kwa Kiingereza kwa sababu ulisema hutasoma ya lugha nyingine. Hii ni ya Kiswahili, isome hivyo hivyo.

Nilikueleza kuwa daktari wa macho anataka kumpasua Bibi, naye hakubali mpaka asikie sauti yako. Nikakuuliza utampigia lini.

Ukaipigia mistari ya wino mwekundu, ukaandika pembeni. Hii sentensi ya taarifa, hii ya mshangao, pale niliposimulia alivyojikwaa ngazini. Kwenye swali langu umeandika, "Sentensi ya kuuliza. Sahihi." Basi. Nikageuza karatasi kutafuta jibu, nyuma kweupe.

Bibi alisikia bahasha ikichanwa. "Mwanangu anasemaje?"

Unajua nilivyo mzito wa kusema. Mama akasimamisha cherehani, akaniambia, "Msomee alichoandika." Nikasoma: taarifa, mshangao, kuuliza. Bibi akasema, "Mimi nilizaa mtoto. Huyu mwenye kalamu ni nani?" Mama alicheka hadi akajichoma sindano. Bibi hakucheka. Alijifunika shuka, akageukia ukuta.

Mjomba, nimekukasirikia. Nilipokuwa shuleni ulinisahihisha nami nikashukuru. Shule nimemaliza, na Bibi si zoezi. Jicho la kushoto limeshazima. Daktari anasema tukiendelea kuchelewa, la kulia nalo litakwenda.

Mwisho wa karatasi umeandika kwamba barua nzima haina hata sentensi moja ya amri, nijizoeze. Nimejizoeza. Mpigie mama yako Jumapili asubuhi, kwenye simu ya Mama. Mwambie akubali kupasuliwa. Usiongee naye Kiingereza. Na barua hii usinirudishie.

Mama anakusalimu, mengine aliyosema kanikataza kuyaandika. Fundi viatu wa hapa mlangoni naye anakusalimu, anauliza kama bado unavaa vile alivyokushonea. Mungu akulinde huko uliko, na akulainishe moyo kabla ya Jumapili.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Mpwa wako.