Sindano Moja kwa Watu Wawili

Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya kucha, ikakatika saa nne. Sasa kuna jua hafifu na matope mpaka mlangoni.

Naandika nikiwa nimekaa jikoni. Mikono bado inanuka javeli, maji ya kuulia vijidudu.

Kwa asiyenijua: naishi mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, pamoja na mama yangu mwenye ugonjwa wa sukari. Nafundisha darasa la tatu. Nyumba yetu na ya Maman Neema ziko katika parseli moja, kiwanja kimoja, ukuta kwa ukuta; akikohoa, nasikia. Mashine ndogo ya kupima sukari nilipewa na dada yangu, pamoja na boksi la sindano za kutobolea kidole. Kila sindano ni ya mara moja. Ndivyo inavyosema karatasi yake, na mimi kusoma najua.

Sindano zilipoanza kupungua, nilizunguka famasi zote za hapa. Vikaratasi vya kupimia vilikuwepo, sindano hapana. Basi nikaanza kutumia moja juma zima. Nilikuwa naipangusa kwa alkoli. Mama alisema inauma kuliko zamani, nikamwambia avumilie.

Halafu Papa Neema akaanza kukonda na kukojoa kila saa. Mke wake akamleta kwangu jikoni, maana hapa mteremkoni hakuna mwingine mwenye mashine. Nikampima. Ilikuwa sukari. Tangu siku hiyo, miezi mitano, kila Jumamosi nilikuwa nampima baada ya Mama. Kwa sindano ileile.

Naandika tena nisije nikajificha: sindano ileile.

Mwezi uliopita binti yao alijifungua kwa taabu, akahitaji damu. Papa Neema akaenda kutoa yake, hospitali wakaikataa. Wakamwambia ana hepatiti, ule ugonjwa wa ini unaopita katika damu. Lakini nyumbani kwao hakuna aliyezungumzia damu. Walizungumzia sumu. Wakakumbuka pombe ya ndizi aliyokunywa kwenye kilio kule Mumosho, na aliyemimina alikuwa mdogo wake, Bahati. Bahati akaitwa, akawekwa katikati ya wazee, akafukuzwa. Aliapa kwa jina la mama yao. Akaenda Minova, na simu yake haipatikani tena.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, nasikia neno kwa neno.

Sikusema kitu.

Siku chache baadaye nilimpeleka Mama kituo cha afya akapimwe hepatiti. Anayo na yeye. Nilimuuliza muuguzi nani kati ya Mama na Papa Neema alimwambukiza mwenzake. Akasema hapo hakuna wa kunijibu, pengine mmoja wao ameishi nayo tangu utoto bila kujua. Halafu akauliza zile sindano zilizotumika naziweka wapi. Nikasema ziko ndani ya kopo la maziwa, je, nizilete? Akatazama pembeni. Tanuru lao la kuchomea limekufa, na sindano za kwao wenyewe zimejaa kwenye makatoni nyuma ya mlango.

Ningezitupa wapi? Choo chetu kimejaa. Kopo au chupa ukiitupa mtaroni, haimalizi saa moja: mtu anaiokota, anaiosha, anawekea mafuta ya mawese ya kuuza. Nikachimba nyuma ya jiko, shimo linalofika gotini, nikalizika kopo. Siku hiyo nililala kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Leo mvua imebomoa udongo wote wa nyuma ya jiko. Nilipotoka nilikuta kopo limefunguka na sindano zimetapakaa kwenye njia tunayopita wote, na wengine wanapita pekupeku. Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikainama kuokota. Maman Neema akaniona, akaja na ndoo kunisaidia. Nikamwomba asiguse. Akacheka kidogo, akasema amezaa watoto sita, hawezi kuogopa vitu vidogo namna hii. Tayari alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Usiguse, Maman Neema," nikasema. "Iko na damu ya Mama. Na ya Papa Neema pia. Nilikuwa natoboa wote wawili na sindano moja."

Akasimama na ndoo yake. Nikamweleza yote palepale matopeni: majibu ya Mama, maneno ya muuguzi, na kwamba Bahati huenda hakumimina kitu zaidi ya pombe. Nilikuwa nangoja anipige. Heri angenipiga.

Aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unajua, ile siku tulifukuza Bahati?"

Nikamwambia nilikuwa na wasiwasi, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ya woga. Akaweka ndoo chini taratibu, akaingia kwake, akafunga mlango.

Nikaendelea kuokota peke yangu. Nilizopata ni pungufu sana ya nilizozika. Nyingine zimeshuka na maji, na chini yetu kuna nyumba juu ya nyumba mpaka ziwani. Nilishuka hatua mia hivi nikitazama kwenye matope, kisha nikarudi. Hata ningeziona zote, ningezipeleka wapi?

Mama hakutoka kitandani. Alisikia yote kupitia dirishani, lakini alichouliza ni kama chai iko tayari.

Saa nane hivi Maman Neema alirudi, macho mekundu. Hakukaa. Alisema wamejaribu namba ya Bahati tangu asubuhi, wakajaribu na ya mtu anayemfahamu kule Minova, bila jibu. Alisema Jumatatu na yeye anakwenda kupimwa. Kisha akatazama rafu ninapoweka mashine.

"Bwana yangu anauliza kama utamupima Jumamosi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kama kweli amemwambia mumewe kila kitu. Akasema amemwambia.

"Na nani ingine atamupima?" akasema. "Tuko na wewe tu."

Laiti angenitukana. Tusi ningejua pa kuliweka.

Nimefungua boksi. Sindano mpya zimebaki mbili. Jumamosi hii Mama atapata yake, na Papa Neema yake, na kwa mara ya kwanza tangu zilipoanza kupungua nitafanya kama karatasi inavyosema.

Na Jumamosi itakayofuata, Mama atakaponyoosha kidole na Papa Neema akanyoosha chake, mimi nitakuwa nimeshika nini?