Mandolini Yako Ni ya Kweli, Mjomba

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la viatu,
Jumapili, 12 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limeshazoea hali ya hewa ya huko, maana mara ya mwisho ulisema linatabiri mvua kuliko redio. Mkaza mjomba naye hajambo? Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha Mama kimekwisha, ila bado hajakiri, kwa sababu akikiri tutaacha kumpelekea chai kitandani. Mimi niko pale pale masijala, napanga mafaili na kuogopa simu ya bosi.

Asante kwa barua yako. Uliniagiza niipeleke mandolini yako, ile uliyoiacha juu ya kabati la Mama, kwa mtu anayejua, aniambie kama ni ya asili au ya kuigiza, na thamani yake ni kiasi gani. Ikiwa ya kweli niiuze, upate kumalizia chumba cha wageni. Ikiwa bandia, nimwachie mdogo wangu Chiriku aichezee. Nimetimiza agizo, lakini sentensi hiyo ya mwisho ilinikosesha usingizi, na ni haki yako kujua kwa nini.

Mjomba, Chiriku haichezei mandolini. Anaipiga, nyuzi zote nane. Aliishusha kabatini wewe ulipoondoka, akajifunza kwa kusikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Mwanzoni jirani alikuwa akigonga ukuta ili anyamaze. Siku hizi hugonga akinyamaza. Akishapiga huifunga kwa sweta lake la zamani na kuilaza mahali pazuri kuliko anapolala yeye.

Basi nikawa mpwa wa kwanza duniani kuombea mali ya mjomba wake iwe feki.

Asubuhi ya kuipeleka, Mama alitoka na chupa ya mafuta ya kung'arishia makabati. Alisema kitu cha kaka yake hakiwezi kwenda kwa watu na uchafu wa mikono, watatuonaje. Alipogeuka kutafuta kitambaa, chupa ikatoweka. Tuliitafuta mpaka kwenye pipa la unga. Chiriku alitusaidia kutafuta kwa bidii sana, ndipo nikajua nani kaificha. Muda ulikuwa umekwenda, mimi na Chiriku tukaondoka na uchafu wetu.

Niliyempelekea ni mama mmoja mstaafu aliyekuwa akifundisha muziki. Sasa ana duka la ala kuukuu nyuma ya benki, na kila mtu humwita Mwalimu. Ni duka jembamba linalonuka gundi, magitaa yamening'inia mpaka unapita umeinama. Nilimwamkia, nikaiweka mandolini mezani.

"Marahaba," akajibu. "Mbona unatazama mlango? Umeiiba wapi?"

"Sijaiiba, Mwalimu. Ni ya mjomba wangu."

"Wote husema ni ya mjomba."

Nilimtolea kitambulisho changu cha kazi. Alikitazama mbele na nyuma, akanirudishia. "Huyu wa kwenye picha naye anaogopa," akasema. Chiriku alicheka mpaka akashika meza.

Ndani ya mandolini kuna karatasi yenye jina la mtengenezaji. Mimi, mtu wa mafaili, nilimwonyesha hiyo kwanza. Hata hakuisoma. "Karatasi hata mimi naweza kubandika. Uzee wa mbao haubandikwi." Akamulika tochi kwenye tundu, akaingiza kioo kidogo kama cha daktari wa meno, akaniita nichungulie. Mbao za ndani zimegeuka rangi ya chai, kila upande sawasawa. Angekuta kipande cheupe, angejua kimewekwa baadaye.

Kisha akalegeza nyuzi na kukiondoa kile kidaraja zinachopita juu yake. Chini yake vanishi ilikuwa bado na rangi ya asali, na pembeni imefifia. Maana yake hakuna aliyewahi kuipaka upya. Kuna ufa ubavuni, umezibwa zamani na mtu aliyejua kazi yake, na hauna madhara. Vigingi vya kukazia nyuzi vyote vinafanana, isipokuwa kimoja ambacho kichwa chake kimechongwa kwa pembe. Hicho si cha asili.

Nilimsimulia habari ya chupa ya Mama. "Mngeipaka mafuta," akasema, "ningewaambia mkaikaange."

Hapo ndipo nilipomnong'oneza: "Mwalimu, hicho kigingi kimoja hakitoshi kuifanya isiwe ya asili?"

Alivua miwani. "Kijana, watu huja hapa kunililia nipandishe thamani. Wewe unataka nishushe. Unanificha nini?"

 Chiriku, ambaye hajawahi kuacha swali la mtu bila jibu, akasema, "Ananihurumia mimi. Ikiwa ya kweli inauzwa."

Mwalimu hakusema pole. Alikirudisha kidaraja, akakaza nyuzi, akazilinganisha sauti, akampa na kumwambia apige. Chiriku akapiga wimbo mmoja wa polepole. Alipomaliza, Mwalimu alimrekebisha kifundo cha mkono na kusema, "Tena." Akapiga. "Tena." Mteja aliyeingia kuuliza bei ya ngoma aliambiwa asubiri, akasubiri.

Mwishowe Mwalimu alinitajia thamani yake. Inazidi mshahara wangu wa mwaka mzima, Mjomba, na alisema yuko tayari kuinunua yeye mwenyewe wiki hii.

Tulipotoka Chiriku akaniuliza, "Kwa hiyo ni ya kweli?" Nikamwambia ndiyo, isipokuwa kigingi kimoja. "Nilijua," akasema, akaikumbatia na kutembea mbele yangu kama aliyefaulu mtihani. Habari ya kuuzwa hakuigusa kabisa. Afadhali angelia.

Ningeweza kukuandikia mstari mmoja tu kwamba ni bandia, nawe ungeniamini, kwa kuwa sijawahi kukudanganya. Ndiyo sababu nimeshindwa. Umepata ukweli wote: ni ya asili, ina thamani, na mnunuzi yupo. Sikupokea chochote kwake. Iko nyumbani, ndani ya sweta.

Mwalimu alisema pia kwamba chombo kama hiki hakiozi. Kikipigwa na mkono safi na kisipakwe kitu, thamani yake haikimbii. Na amesema Chiriku aende kwake kila Jumamosi kufundishwa, bila malipo, ilimradi aende na mandolini hiyo hiyo, maana naye anataka kuisikia.

Sasa, Mjomba, mimi sijawahi kukuomba kitu. Nilipomaliza masomo ukaniuliza unitumie nini, nilisema kalamu. Leo naomba: usiiuze. Kuhusu chumba cha wageni, wageni wenyewe ni sisi, na sisi tunalala hata sebuleni. Ukikataa nitaipeleka dukani kwa mikono yangu, wala sitanuna. Mali ni yako.

Mama anakusalimu sana, anasema usimjengee mtu chumba na wewe mwenyewe hujanenepa. Chiriku anakuamkia, hajui nimeandika nini. Tusalimie mkaza mjomba na watoto wote. Mungu awafunike kwa afya na awape riziki isiyo na majuto.

Barua hii naitumbukiza kwenye sanduku la posta sasa hivi, kabla sijaisoma mara ya pili, kwani nikiisoma nitaikata ile aya ya ombi.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Karani wa Masijala